Vipimo Wakati wa Ujauzito: Kupokea Majibu Pamoja Bila Kuhukumiana

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, hurudi nyumbani na kadi iliyoandikwa majibu kadhaa: wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, malaria, kaswende, Virusi vya Ukimwi (VVU) na, katika baadhi ya vituo, homa ya ini aina ya B. Baadaye anaweza kuelekezwa kupiga altrasaundi. Kwenye kadi, majibu hayo ni herufi na tarakimu chache tu. Yanapofika nyumbani, huweza kuleta faraja kubwa, na huweza pia kuleta hofu, lawama na ukimya wa siku nyingi kati ya watu wawili waliokuwa wakisubiri mtoto kwa furaha.

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya wenza wanaotarajia mtoto katika Mji wa Bariadi na wilaya zote za Mkoa wa Simiyu, iwe wanahudumiwa katika zahanati ya kijiji, kituo cha afya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au kituo binafsi. Lengo lake ni kueleza jambo moja ambalo watumiaji wengi wa huduma hawaelezwi mapema: kipimo hutoa taarifa kuhusu hali ya mwili, hakitoi hukumu kuhusu ndoa. Maumivu mengi yanayofuata vipimo hayatokani na ugonjwa wenyewe, bali hutokana na majibu kupewa maana ambayo hayana.

HUDUMA YA KIPIMO NI NINI?

Watumiaji wengi hudhani kwamba huduma ya kipimo ni kuchomwa kidole na kusomewa majibu. Hiyo ni sehemu tu ya huduma. Huduma iliyokamilika ina hatua nne: kuelezwa kipimo kinatafuta nini na kwa nini, kuulizwa na kutoa ridhaa, kupimwa, na kuelezwa majibu kwa lugha unayoielewa, pamoja na hatua inayofuata. Aliyepewa majibu bila maelezo amepewa nusu ya huduma, na nusu iliyokosekana ndiyo inayolinda moyo.

Kwa hiyo, mtumiaji asione haya kuuliza. Kama mtoa huduma ametumia maneno ya kitaalamu, mwombe ayarudie kwa Kiswahili chepesi. Kama mama anaelewa Kisukuma vizuri zaidi, aombe aelezwe na mtumishi anayekifahamu. Asipatikane mtumishi huyo, mama mwenyewe achague mtu anayemwamini wa kumsaidia. Si sahihi mgonjwa mwingine aliyeketi kwenye benchi kuitwa kutafsiri majibu ya mtu.

KWA NINI VIPIMO HUTIKISA MIOYO

Kwanza, kuna kusubiri. Vipimo vingi vya haraka hutoa majibu ndani ya muda wa nusu saa, lakini kwa mama aliyeketi kwenye benchi nusu saa hiyo ni ndefu. Kila muuguzi anayepita hutazamwa usoni. Mtu akiitwa mara ya pili kwa ajili ya kurudiwa kipimo, hukata tamaa hata kabla ya kuambiwa lolote. Ifahamike kuwa kurudia kipimo ni sehemu ya utaratibu. Kwa mfano, kipimo kimoja kinachoonesha dalili ya VVU hakitoshi kutoa majibu ya mwisho. Ni lazima kithibitishwe kwa kipimo kingine cha aina tofauti.

Pili, majibu humfikia mama kabla ya baba. Kwa kuwa mimba iko mwilini mwake, yeye ndiye anayepimwa kwanza, ndiye anayejua kwanza, na mara nyingi ndiye anayeachiwa mzigo wa kupeleka habari nyumbani. Katika familia nyingi aliyetangulia kujua hugeuzwa kuwa aliyesababisha. Ndiyo maana baadhi ya akina mama huficha kadi au huchelewa kurudi kliniki, ingawa dawa ipo na ingewasaidia.

Tatu, baba naye ana hofu yake. Wanaume wengi huiona kliniki kuwa mahali pa wanawake, nao hukaa nje chini ya mti au hubaki shambani. Wengine huogopa kupimwa, kisha hujifariji kwa kusema kwamba majibu ya mke yanatosha kuwa yao. Faraja hiyo si ya kweli. Wenza wanaweza kuishi pamoja kwa miaka mingi huku mmoja akiwa na maambukizi na mwingine akiwa hana. Majibu ya mke ni ya mke. Majibu ya mume hupatikana kwa mume kupimwa.

YALE AMBAYO MAJIBU HUSEMA, NA YALE AMBAYO HAYASEMI

Virusi vya Ukimwi

Kipimo cha VVU husema kama maambukizi yameonekana au hayajaonekana. Hakisemi maambukizi yaliingia lini, wala nani alianza kuyapata. Mama anayegundulika kliniki anaweza kuwa ameishi na virusi tangu kabla ya ndoa bila dalili yoyote, au ameambukizwa na mume ambaye hajapimwa. Kumlaumu kwa sababu yeye ndiye aliyepima kwanza ni kumwadhibu kwa kutimiza wajibu wake kwa mtoto.

Jambo la pili ni la matumaini, na linapaswa kusemwa mapema katika chumba cha ushauri. Bila kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, watoto 15 hadi 45 huweza kuambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyeshwa. Kwa dawa na ufuatiliaji mzuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kutekeleza utaratibu wa kumwanzishia kila mama mjamzito mwenye VVU dawa za kufubaza virusi kwa maisha yake yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Mama anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hulinda afya yake, na hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Mwenza asiye na maambukizi anaweza pia kupewa dawa kinga.

Mama ambaye majibu yake hayakuonesha maambukizi hushauriwa kurudia kipimo baadaye katika ujauzito, kwa kuwa maambukizi ya karibuni huenda yasionekane mapema. Mume asichukulie ushauri huo kuwa ni tuhuma. Ni utaratibu wa kila mjamzito.

Kaswende

Kaswende hutibika kwa sindano za penisilini, na matibabu ya mapema humlinda mtoto asizaliwe mfu au akiwa mgonjwa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo limewagombanisha wenza wengi bila sababu. Kipimo cha haraka cha kaswende hutafuta alama ambazo mwili huziacha kwenye damu, na kwa watu wengi alama hizo hubaki hata baada ya kupona kabisa. Mama aliyetibiwa katika ujauzito uliopita anaweza kuonekana tena “ana kaswende” katika ujauzito huu, bila yeye wala mumewe kutoka nje ya ndoa. Kadi ya zamani yenye kumbukumbu ya matibabu ni ushahidi muhimu. Itunzeni na mwende nayo kliniki. Mtoa huduma ndiye atakayeamua kama matibabu mengine yanahitajika, na kama yanahitajika, wenza wote wawili watibiwe.

Homa ya ini aina ya B

Ugonjwa huu huweza kuambukizwa kwa njia ya kujamiiana, lakini pia huambukizwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kati ya watoto wadogo. Watu wengi wanaoishi na virusi hivyo barani Afrika walivipata utotoni. Kwa hiyo majibu yanayoonesha maambukizi si ushahidi wa usaliti. Ulizeni kuhusu ufuatiliaji wa mama, chanjo ya mtoto na kupimwa kwa baba.

Kundi la damu

Hapa pana dhana potofu iliyoenea: kwamba mtoto asiye na kundi la damu la baba yake si wake. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kupata mtoto wa kundi O. Baba na mama ambao wote ni chanya wanaweza kupata mtoto hasi. Kundi la damu hupimwa kliniki ili kulinda maisha ya mama na mtoto, si kuchunguza uzazi. Uchunguzi wa vinasaba vya binadamu una sheria yake ya mwaka 2009 na husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakuna maabara ya mtaani inayoweza kutoa jibu hilo kwa kusoma kadi ya kliniki.

Kwa mama mwenye kundi hasi ambaye mwenza wake ni chanya, jambo la kuzungumza ni sindano ya Anti-D. Sindano hii hutolewa kwa kawaida karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Hulinda mimba zijazo. Kwa kuwa gharama yake inaweza kuwa kubwa na huenda isipatikane kila mahali, wenza waulize mapema ili wajiandae, badala ya kuanza kuitafuta siku ya kujifungua.

Selimundu

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye watu wengi waliobeba chembe za urithi za selimundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba chembe hizo. Sababu yake ni ya kale: aliyebeba chembe hizo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali utotoni, na kwa vizazi vingi malaria imekuwa ikiwaondoa wengine.

Mtu huyo huwa mzima na anaweza kuzeeka bila kujua. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Na kwa kuwa ugonjwa huhitaji chembe kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, hakuna mzazi mmoja anayeweza kutwishwa lawama. Ukoo wa mume unaosema “ugonjwa huu haukuwako kwetu” umekosea, kwa kuwa nusu yake imetoka kwao.

Wenza wanaojua hali zao mapema huweza kuhakikisha mtoto anapimwa akiwa mchanga. Mtoto mwenye selimundu anayegundulika mapema hupewa dawa ya kumkinga na maambukizi, huanzishiwa kliniki, na anaweza kutumia haidroksiyurea kupunguza maumivu na madhara. Habari hii ni nzito, lakini si hukumu ya kifo.

ALTRASAUNDI: FURAHA, MASHAKA NA HESABU YA WIKI

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, linashauri mama apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 ya ujauzito. Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi ya eksirei. Husaidia kukadiria umri wa mimba, kujua idadi ya watoto na kuona baadhi ya matatizo ya maumbile. Kwa wenza wengi ni saa ya furaha: wengine hutoka chumbani wakijua kwamba wanasubiri mapacha, na kabla ya kufika nyumbani tayari wanawaita Kulwa na Doto.

Lakini karatasi hiyo hiyo huweza kuleta ugomvi kwa sababu ya hesabu. Chukulia mfano wa mume aliyekuwa machimboni na kurejea Bariadi wiki kumi zilizopita. Mkewe anapiga altrasaundi, na karatasi inasema mimba ina wiki 12. Mume anahesabu kwa vidole, anaona wiki mbili zimezidi, na amani inatoweka. Ukweli ni kwamba wataalamu huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takribani wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Mimba ya “wiki 12” ilitungwa karibu wiki 10 zilizopita. Mume huyo ndiye hasa anayeafikiana na karatasi. Aidha, kadiri altrasaundi inavyopigwa kwa kuchelewa ndivyo makadirio yanavyopoteza usahihi. Katika miezi ya mwisho tofauti huweza kufika wiki mbili hadi tatu. Kabla ya neno lolote zito kutamkwa nyumbani, rudini kwa mtaalamu mkaelezwe hesabu hiyo pamoja.

Altrasaundi huweza pia kuonesha jambo la kuhuzunisha: mapigo ya moyo yasiyosikika, au mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa. Wazazi wanaoambiwa hivyo mara nyingi hawasikii maneno yanayofuata, akili husimama. Ni haki yenu kuomba muda, kuketi, kuelezwa upya, na kuandikiwa yaliyosemwa. Ni haki yenu pia kuomba maoni ya mtaalamu mwingine, na kupewa rufaa. Kwa wakazi wa Simiyu rufaa za namna hiyo mara nyingi huelekea Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Safari ya kupitia Lamadi ina gharama zake, na ni vema wenza wasafiri wote wawili inapowezekana, ili mmoja asibebe habari peke yake mara ya pili.

Wazazi wa mtoto mwenye mgongo wazi huulizana walikosea nini, na majirani hawakosi maelezo yao: laana, mkono wa mtu, au chakula alichokula mama. Tatizo hili hutokea katika wiki chache za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Upungufu wa foliki asidi ni mojawapo ya mambo yanayochangia, na ndiyo sababu wanawake hushauriwa kuitumia hata kabla ya kushika mimba. Kutafuta aliyeroga hakutamsaidia mtoto. Kumfikisha kwa wataalamu wa upasuaji mapema kutamsaidia.

Kwa upande mwingine, altrasaundi iliyo safi si hakikisho kwamba kila kitu ni kizima. Kipimo kina mipaka, mashine zinatofautiana, na jinsia iliyotajwa huweza kukosewa. Wenza wasinunue nguo za rangi moja, wala ukoo usipange jina, kwa kutegemea neno la dakika tano.

HAKI ZENU KAMA WATUMIAJI

Haki ya kuridhia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inataka kila mjamzito na mwanamume mwenye mimba hiyo wapewe ushauri na kuhamasishwa kupima VVU kwa hiari. Kuhamasishwa si kulazimishwa.

Haki ya kuhudumiwa. Baba anahimizwa kufika kliniki, na kufika kwake kuna faida kubwa. Hata hivyo, mama aliyefika peke yake, kwa sababu mume yuko mbali, amemwacha au hataki, anastahili huduma ileile bila kudhalilishwa.

Haki ya siri. Majibu ni mali ya aliyepimwa. Hayapaswi kusomwa kwa sauti mbele ya foleni, kuambiwa mama mkwe, wala kutumwa kwenye kundi la simu. Taarifa za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wakati huohuo, sheria ya Ukimwi inamtaka anayejua kuwa ana VVU kumjulisha mwenza wake. Ni wajibu mgumu, na mshauri anapaswa kumsaidia mama kuutekeleza kwa usalama, ikiwa ni pamoja na kumwalika mume kituoni ili wote waelezwe kwa pamoja.

Haki ya kupimwa na mtu anayestahili, kwa kifaa kinachostahili. Katika kituo binafsi, ulizeni kama kituo kimesajiliwa na kama anayepima ni mtaalamu aliyesajiliwa na baraza lake. Vitendanishi na vifaa vya kupimia hudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kipimo cha kujipima VVU kinachoonesha maambukizi si majibu ya mwisho. Nendeni kituoni kikathibitishwe kabla ya kuambiana lolote.

Haki ya kujua gharama. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza huduma za wajawazito katika vituo vya umma zitolewe bila malipo. Mkitakiwa kulipia kipimo chochote, popote, ulizeni sababu na bei kabla ya kupimwa, na mdai risiti.

NAMNA YA KUPOKEA MAJIBU NYUMBANI

Kabla ya siku ya kliniki, kubalianeni jambo moja: majibu yoyote yatakayotoka, hakuna atakayeulizwa “umeyatoa wapi” siku hiyo. Swali la siku hiyo liwe “tunafanya nini sasa”. Makubaliano haya madogo yamezuia maneno mengi ambayo yakishatamkwa hayarudi.

Chagueni mapema nani mwingine ataambiwa. Wazee wa ukoo wana hekima na wana nafasi yao, lakini wakipewa habari kabla wenza hawajaielewa, maamuzi huhama kutoka kwa wazazi kwenda kwa baraza la jamaa.

Mama anayehofia kupigwa au kufukuzwa kwa sababu ya majibu asiyapeleke nyumbani peke yake. Amweleze mtoa huduma hofu hiyo wazi. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, na ofisi za ustawi wa jamii zipo katika halmashauri.

Fuatilieni hali ya moyo pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea takribani wanawake 16 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili wakati wa ujauzito, na takribani 20 baada ya kujifungua. Mama au baba anayekosa usingizi, hali chakula, analia mara kwa mara au amejitenga kwa zaidi ya wiki mbili anahitaji kuonana na mtaalamu. Anayesema kwamba maisha hayana maana au anataka kujidhuru asiachwe peke yake; apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Hayo ni maradhi, na yanatibika.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUONDOKA KITUONI

1. Kipimo hiki kimepima nini hasa, na hakikupima nini?
2. Je, majibu haya ni ya mwisho au yanahitaji kuthibitishwa?
3. Yana maana gani kwa mama, kwa mtoto na kwa baba?
4. Je, mwenza wangu apimwe au atibiwe, na lini?
5. Matibabu yapo hapa, au tunapewa rufaa? Gharama ni kiasi gani?
6. Nikiwa na swali nikiwa nyumbani, nitamuuliza nani?

PALE HUDUMA INAPOKOSEWA

Siri ikivuja, mkitukanwa, au mkipewa majibu bila maelezo, anzeni kwa mganga mfawidhi wa kituo. Msiporidhika, andikeni kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, kisha wa Mkoa. Elezeni tarehe, jina la kituo, huduma mliyopata na kasoro iliyotokea. Ambatisheni nakala ya kadi au risiti, na mbaki na nakala yenu. Malalamiko ya mwenendo wa mtaalamu hupokelewa na baraza la taaluma yake. Kwa maswali ya afya, Wizara ina namba ya simu 199, ambayo hupigwa bila malipo.

Kulalamika kwa utaratibu si ugomvi na watumishi. Muuguzi anayehudumia foleni ndefu peke yake naye hunufaika pale watumiaji wanapodai nafasi ya maelezo, kwa sababu malalamiko yaliyoandikwa ndiyo yanayoonesha kituo kinakosa nini. Na wenza waliotoka kliniki wakiwa wameelewa kilichoandikwa kwenye kadi yao hurudi kwa wakati kwa dawa, kwa kipimo kinachofuata na kwa ajili ya kujifungua.